Kipimo ni bega: ujenzi wa moduli kwenye vilima vya Mwanza

Picha za ujenzi wa moduli zinazozunguka mitandaoni zinafanana. Kreni ndefu imeinua chumba kizima, madirisha yamekwisha kufungwa, vigae vimekwisha kubandikwa, na jamaa wawili wenye kofia ngumu wanakielekeza kikae juu ya chumba kingine. Kazi ya miezi inaisha kwa siku mbili. Huko kunakofanyika hivyo kuna mantiki yake: ujira wa fundi uko juu, barabara ni pana na kiwanda kiko karibu.

Sasa ichukue kreni hiyo uipandishe Mabatini. Au Igogo. Au migongo ya Isamilo. Itasimama pale barabara inapokoma, na kutoka hapo hadi kiwanjani kuna njia ya miguu inayopenya kati ya majabali mawili, ngazi za kuchonga, kona ya ukuta wa jirani, na pengine uwanja wake anapoanika nguo. Mita 100 hizo za mwisho ndizo zinazoamua nyumba ya Mwanza ijengwe kwa kitu gani. Bei ya kiwandani inakuja baadaye.

Kwa hiyo moduli ya hapa kwetu si chumba. Ni kipande ambacho mtu mmoja anakitia begani, au wawili wanakishika huku na huku, na ambacho vipimo vyake vinaoana na kipande kinachofuata bila kuguswa na tindo. Neno lenyewe maana yake ni kipimo kinachojirudia. Kreni imeongezwa tu.

Niyapitie haraka yale mengine yanayouzwa kwa jina hilo. Kontena la futi 20 likiwa tupu lina zaidi ya tani 2, na upana wake wa ndani ni kama mita 2.35. Ukishaweka ukuta wa ndani wa kuzuia joto umebaki na korido. Kwa stoo au ofisi ya muda kwenye tambarare ya Nyakato linafaa. Kama nyumba ya kulala, chuma kitupu chini ya jua la saa 8 mchana hakikaliki. Paneli za povu lenye wavu wa waya ni nyepesi na zinapanda kilima bila shida, ila zinahitaji kupigwa lipu nene ya saruji pande zote mbili. Zikitoka Dar es Salaam zimekuja zaidi ya kilomita 1,100, na lori lililojaa povu limebeba hewa kwa sehemu kubwa.

Kinachobaki ni tofali la udongo na saruji la kufungamana. Aina iliyozoeleka Tanzania, inayofyatuliwa kwa mashine ya mkono, ina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Lina ulimi juu na mfereji chini, na matundu mawili yanayopita wima. Likikauka lina uzito wa kilo 8 hivi. Linganisha na bloku la saruji la inchi 6, ambalo ni kama kilo 30: mbeba mizigo anapanda na moja na kushuka ameshika kiuno. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, wamekuwa wakieneza mashine hizi na mafunzo yake kwa miaka mingi. Teknolojia si ngeni. Kigeni ni nidhamu inayodaiwa na teknolojia hiyo, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Chora kwa 150, usichore kwa futi

Nusu ya tofali ni milimita 150. Kila urefu wa ukuta kwenye ramani ugawanyike kwa 150, na kila kimo kigawanyike kwa 100, ambacho ni kimo cha kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali. Mlango wa sentimita 90 kwa 210 ni matofali matatu kwa kozi 21. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 likianza juu ya kozi ya 9 linaishia kozi ya 21, usawa uleule wa kichwa cha mlango. Tisa na kumi na mbili ni ishirini na moja: ukipanga hivyo lenta, ile boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha, inazunguka nyumba nzima kwa mstari mmoja bila ngazi.

Balaa huanzia kwa fundi wa fremu. Yeye anapima kwa futi, na futi 4 ni milimita 1,219. Nafasi uliyoacha ni 1,200. Hizo milimita 19 zinatosha kumfanya fundi mwashi achukue tindo, apasue tofali kando ya tundu lake, na ukuta uingie ufa mahali palepale panapobeba mzigo wa lenta. Agiza fremu kwa milimita, na uagize ndogo kuliko nafasi: 1,180 kwa 1,180 kwa dirisha hilo, ili pembeni pabaki milimita 10 za kujaza saruji kila upande. Usimwambie fundi "dirisha la futi nne" kisha ukategemea ataelewa.

Nyumba ndogo ya nje mita 6.0 kwa 7.5, yenye kuta za ndani zenye jumla ya mita 12 na kimo cha kozi 25, ina kama mita za mraba 97 za ukuta. Toa milango minne na madirisha matano, inabaki kama 83. Mita moja ya mraba inakula matofali 33 na kidogo. Hiyo ni kama 2,770. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika, andaa 2,900. Uzito wake ni takriban tani 23. Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: utafyatulia wapi, chini barabarani au juu kiwanjani?

Ukifyatulia chini, tani 23 zinapanda kwa mabega, matofali mawili au matatu kwa safari. Ukifyatulia juu, kinachopanda ni saruji, mashine inayobebwa na watu wanne, na maji. Maji usiyadharau. Kila tofali linakunywa karibu lita moja, hivyo ni kama ndoo 145 za lita 20 kwa kukorogea tu, bado za kumwagilia. Hata hivyo, kama udongo unaofukuliwa wakati wa kusawazisha kiwanja unafaa, kufyatulia juu kunashinda kwa mbali. Kama haufai, hesabu inageuka, maana utakuwa unapandisha udongo pia.

Sanduku la milimita 600

Udongo wa miteremko ya Mwanza mara nyingi ni luseni, ule wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya matale. Una mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo. Tofali lake linatoka kwenye mashine likionekana zuri, halafu kona zinamong'onyoka mkononi mwa mbebaji kabla hata halijafika kivulini. Ukienda bondeni, upande wa Usagara au mbuga za Magu, unakuta kinyume: udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo usiufyatue kabisa, hata ukiongezwa saruji ya mifuko yote ya duka. Ibambasi, ule unaokauka ukawa kama sakafu na wenye chumvi, nao uache.

Tofali zuri linataka mchanga na changarawe ndogo zisizopungua theluthi mbili, na mfinyanzi wa kushikanisha. Luseni inasahihishwa kwa udongo mwekundu au wa kichuguu. Anza na ndoo tatu za luseni kwa moja ya kichuguu, kisha upime, usikisie.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ndani liwe na urefu wa milimita 600, upana 40 na kina 40. Lipake mafuta ndani. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chota ulio chini yake, uchekeche kwa wavu wa milimita 5 au 6, uloweshe hadi ushikane, ujaze sanduku kwa kushindilia kona zote. Liache juani siku tatu au kivulini wiki nzima. Udongo utasinyaa. Usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki.

Kwa mashine ya mkono kanuni ya kazi ni hii. Pengo chini ya milimita 15, ndoo moja ya saruji kwa ndoo 16 za udongo. Kati ya 15 na 30, moja kwa 14. Kati ya 30 na 45, moja kwa 12. Kati ya 45 na 60, moja kwa 10. Ukizidi 60, ongeza mchanga urudie. Udongo ukijikunja na kuinuka katikati kama mgongo wa samaki, utafute mwingine.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa mashine wanaosema tofali hili linaokoa nusu ya saruji. Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa uwiano wa moja kwa 10 unatoa matofali kama 60. Kwa 12, kama 70. Kwa 14, kama 80. Kwa 16, kama 90. Kwa mita ya mraba ya ukuta hiyo ni mfuko 0.56, 0.48, 0.42 au 0.37. Ukuta wa bloku za inchi 6, zikifyatuliwa 35 kwa mfuko, unakula mfuko kama 0.34 pamoja na udongo wa saruji wa kujengea. Ukipiga lipu pande mbili unafika karibu nusu mfuko.

Maana yake? Kwa udongo mbaya wa moja kwa 10, umetumia saruji nyingi kuliko jirani yako wa bloku. Kwa udongo mzuri wa moja kwa 16, na ukuta usiopigwa lipu, umeokoa kama robo ukilinganisha na bloku zilizopigwa lipu. Anayeokoa ni udongo, na sanduku la mbao ndilo linalokuambia kama unao. Na ukimaliza ukuta kisha ukaupiga lipu ndani na nje ili ufanane na wa jirani, umeirudisha akiba yote dukani.

Hesabu dhidi ya tofali la kuchoma ni nyingine. Huko saruji si hoja. Hoja ni kuni za tanuru, na vilima vyetu vimeshavuliwa nguo vya kutosha. Lakini tusiwe na upofu: kule Misungwi na Magu kunakolimwa mpunga, tanuru la pumba za mpunga linachoma bila gogo la mti. Tatizo la tofali hilo ni kupindapinda. Moja linazidi lenzake kwa sentimita nzima, fundi analazimika kujaza viungo vinene vya saruji, na mpango wowote wa moduli unafia hapo.

Kufyatua, na ulafi wa kujaza

Changanya udongo na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, geuza mara tatu, ndipo unyunyizie maji kwa kopo lenye matundu. Chukua mpira wa udongo huo mkononi, uukaze, uuachie kutoka kimo cha kifua udondokee sakafu ngumu. Ukivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Ukisambaratika, bado ni mkavu. Ukibaki donge moja au ukabandika chini, umezidisha.

Lowesha kiasi utakachokimaliza ndani ya nusu saa hadi dakika 45 tangu maji yaingie, si zaidi. Saruji haimsubiri mtu aende kula. Udongo uliolala saa mbili ukaongezewa maji unafyatuka vizuri na unaonekana sawa, ila saruji yake imeshaganda vipande vipande na tofali litabaki udongo mtupu.

Kiasi cha kutia kwenye mashine kipimwe kwa kopo moja lilelile, karibu kilo 9 za udongo wenye unyevu. Kijana wa mashine akichoka huanza kukadiria kwa sepetu. Akipunguza, tofali linatoka na kimo sahihi lakini jepesi na dhaifu. Akizidisha, mkono wa mashine haufiki mwisho na tofali linakuwa la milimita 102 au 103. Inaonekana si kitu. Zidisha 2 mara kozi 21: upande mmoja wa dirisha umepanda sentimita 4 kuliko mwingine. Katika ukuta wa kawaida kiungo cha saruji kinameza kosa hilo. Katika ukuta unaopangwa mkavu, bila saruji kati ya tofali na tofali, hakuna wa kulimeza. Kata kipimo cha chuma cha milimita 100, kiwe mkononi mwa anayepokea, na kila tofali la kumi lipimwe. Bamba za ndani ya mashine zikilika, matofali huanza kuwa mapana. Zibadilishe, usizipige kabari.

Watu wanne au watano waliozoea wanafyatua 300 hadi 400 kwa siku. Matofali 2,900 ni siku 8 mpaka 10.

Kisha inakuja sehemu ambayo, kwa maoni yangu, inaua miradi mingi kuliko zote: kumwagilia. Tofali bichi linabebwa kwa viganja vilivyo bapa, vidole visiguse kona, na linakaa juu ya nailoni kivulini. Siku ya kwanza lifunikwe tu. Kuanzia siku ya pili limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, muda wote likiwa chini ya nailoni, kisha lipangwe na libaki limefunikwa hadi siku ya 28. Upepo wa ziwani wa alasiri unakausha haraka kuliko jua lenyewe. Nailoni isiyobanwa kwa mawe pembezoni ni mapambo. Tofali lililokauka siku ya pili halirudi. Hata ukilimwagilia wiki nzima baadaye, saruji imeshakosa maji wakati ilipoyahitaji.

Usiamini tofali kwa kuligonga likiwa kavu. Udongo wowote uliokandamizwa ukakauka ni mgumu. Lizamishe ndani ya maji saa 24, ulitoe, ulikwaruze kwa msumari. Kona zikitoka kama uji, rundo hilo ni la kujengea banda la kuku, tena lenye paa refu. Kwa jengo la watu wengi, peleka sampuli maabara ya vifaa vya ujenzi, uombe zivunjwe zikiwa zimeloweshwa. Tofali linalofikisha niutoni 2.5 kwa milimita ya mraba likiwa kavu linaweza kushuka hadi nusu likilowa, na mvua haiulizi cheti ulichopewa kilikuwa cha hali gani.

Mwamba chini, ngazi za mia

Mawe ya msingi Mwanza hayanunuliwi mbali, na hilo ni bahati. Lakini kiwanja cha mlimani mara nyingi nusu yake ni jabali na nusu kifusi kilichojazwa. Ukijenga juu ya vyote viwili kwa msingi uleule, upande wa kifusi unatitia, wa jabali unabaki, na ufa unapanda katikati ya nyumba kwa mstari ulionyooka kama umechorwa. Ama chimba kifusi mpaka ufike mwamba au ardhi ngumu, ama gawanya nyumba kwa kiungo kilichoachwa wazi toka msingi hadi juu ya ukuta.

Jabali likiwa la mteremko, usilimwagie zege juu yake hivihivi ukategemea msuguano. Toboa matundu ya milimita 16, kina kisichopungua 200, upulize vumbi lote litoke, ujaze saruji laini na uchomeke nondo za milimita 12. Vumbi likibaki, nondo inang'oka kwa mkono. Na ile desturi ya kupasua mwamba kwa kuuchomea matairi kisha kuumwagia maji, mbali na moshi kwa majirani, inaacha nyufa ndani ya jiwe unalotaka kulisimamia.

Sasa moduli inarudi. Msingi wa mteremko hupanda kwa ngazi. Kila ngazi iwe na kimo cha 100, 200 au 300, na urefu unaogawanyika kwa 300. Mafundi wa mawe wamezoea kuinua ngazi kadiri jiwe linavyotaka, sentimita 17 hapa, 26 kule. Kozi zikikutana hapo hazifungamani, na utaona fundi akiziba kwa vipande na saruji nene. Mwekee fimbo iliyokatwa ya milimita 100 kabla hajaanza. Mkanda wa zege juu ya mawe uwe tambarare kwa pima maji: usizidi milimita 5 kwa ukuta mzima. Matofali yaanze angalau sentimita 30 juu ya ardhi ya nje, upande wa mlima pia, ambako maji ya mvua hushuka yamebeba mchanga.

Kozi ya kwanza pekee ndiyo inayolala juu ya saruji. Ipange kavu kwanza nyumba nzima, pamoja na nafasi za milango, uone kama inafunga. Baada ya hapo inua kona, vuta kamba, ujaze katikati. Fagia ulimi na mfereji wa kila tofali kwa brashi. Punje moja ya mchanga inaliinua tofali milimita moja. Kila kozi nne, timazi na pima maji.

Nondo ndani ya matundu

Ukuta mkavu unabeba mzigo wa kutoka juu vizuri. Kusukumwa kutoka pembeni ndiko usikokuwezea. Ukanda wa ziwa una mitetemo: tetemeko la Bukoba la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuangusha kuta nyingi zisizo na nondo wala mkanda wa kuzifunga. Kwa hiyo nondo ya milimita 10 isimame kutoka msingini kila kona, kila makutano ya kuta, kila upande wa mlango na dirisha, na katikati isizidi mita 1.2 kati ya moja na nyingine. Tundu lijazwe saruji moja kwa mchanga mitatu, laini ya kumiminika, kila baada ya kozi tano. Ukisubiri ukuta ufike juu ndipo umimine, itakwama njiani na hutajua.

Usawa wa chini ya madirisha, wa kichwa cha milango na wa juu ya ukuta, tumia matofali ya mfereji, yaliyo wazi kwa juu kama hori: weka nondo mbili za milimita 10, zipishane sentimita 50 zinapoungwa, zikunjwe kwenye kona, ujaze zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto). Juu ya dirisha la mita 1.2 kozi za mfereji ziwe mbili. Juu ya mlango unaweza kuweka lenta iliyomwagwa chini mapema: urefu 1,200, upana 150, kimo 100, kilo 43, watu wawili wanaipandisha. Nondo zake zinakaa upande wa chini, na ikishakauka pande zote zinafanana. Iandike JUU kwa msumari ikiwa bado mbichi. Lenta iliyogeuzwa kichwa chini itapasuka katikati wiki ya kwanza, na saruji itasingiziwa.

Kwenye mkanda wa juu acha vipande vya nondo au bapa vilivyochomoza kila kenchi inapokaa. Radi na pepo za usiku zinazotoka ziwani zimeshawahamisha watu wengi bati.

Mabomba ya umeme ya milimita 20 yapite ndani ya matundu yaleyale, yapangwe kabla ya kujaza. Kisanduku cha swichi kikatwe kwenye tofali likiwa bichi. Viungo vya ndani vizibwe kwa saruji laini iliyochanganywa na udongo uliochekechwa, la sivyo upepo, sisimizi na wadudu wa ziwani watapita humohumo.

Karibu na maji

Kwa wanaojenga ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inaweka mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli ya kudumu. Sheria kando, ziwa lenyewe lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na waliopima mita zao kutoka ukingo wa mwaka wa ukame waliona maji barazani. Tofali la udongo na saruji linavumilia mvua. Kusimama ndani ya maji miezi mitatu halivumilii. Ukerewe na visiwa vingine hali ni ya mabega vilevile, ila bega ni mtumbwi: saruji inavuka kwa nauli, udongo uko huko huko, na kila mfuko uliookolewa na sanduku la milimita 600 ni nauli isiyolipwa.

Kalenda inayofaa ni kufyatua Julai wakati udongo umekauka na unachekecheka, kuacha matofali yakomae Agosti, kuinua kuta Septemba, na kupaua kabla vuli haijakaza Oktoba. Ikikukuta kabla ya bati, funika kozi ya juu kwa nailoni na uibane kwa matofali kila jioni. Matundu yaliyo wima ni makopo: yakijaa maji kabla ya kumiminwa saruji, ukuta unalowa kutoka ndani kwa wiki nzima, na saruji utakayomimina juu ya maji hayo itatengana, mchanga chini, uji juu, nondo ikiwa imesimama katikati bila kushikwa na kitu.